Nilivyovipanga Mstari Vijiti vya Zuhura

Jumamosi, mtaani kwetu Cheyo. Upepo wa kipupwe umepuliza tangu alfajiri, vumbi limeingia mpaka kwenye chai, na mimi nina furaha nisiyoistahili.

Mjukuu wangu Zuhura anasoma mambo ya mawimbi chuo kikuu. Amekuja likizo na boksi la alumini, ndani kasimamisha vijiti vya chuma, kimoja huku, kingine kule, ovyo ovyo. Upande mmoja anaingiza mawimbi, ndugu wa yale yanayopasha chakula kwenye maikrowevu. Upande wa pili anapima yaliyotoka. Jumatatu atasimama mbele ya walimu wake Dar. Mara ya kwanza walisema hawakumwelewa. Safari hii wasipomwelewa, masomo yameishia hapo.

Kwa hiyo juma zima ananifanyia mazoezi mimi, ambaye mlango wa shule sikuuona. Herufi hizi nilizipata kwenye kisomo cha watu wazima. Anaeleza, namwambia sijaambulia hata punje. Anaeleza tena, nasinzia. Simdanganyi. Kumsifia asiyeeleweka ni kumchimbia shimo.

Leo asubuhi kaenda stesheni kukata tiketi, nikaingia kufagia chumba chake. Boksi liko wazi, vijiti vimesimama kama watu waliotoka ngomani. Sasa mimi ndoa yangu niliilelea kwenye kijiji cha ujamaa. Alikuja bwana wa serikali na kamba ya kupimia, nyumba zetu zikapangwa mstari, na tangu hapo kitu kilichokaa ovyo kinaniwasha mikono.

Nikavipanga. Ungepita katikati na baiskeli.

Zuhura karudi, kawasha mashine, katazama kompyuta.

"Bibi, nani kagusa boksi?"

"Mimi. Lilikuwa kama chumba cha mlevi."

"Mke mwenzangu, umeniua. Wimbi limepita lote, na lilitakiwa likwame."

Akakaa sakafuni, akalia. Hapo nikaogopa kweli.

Sikuwa na la kumpa ila maneno. Nikamwambia hata kijijini ilikuwa hivyo. Zamani, upande wa Kwihara, mtu alijenga alipotaka, huyu nyuma ya kichuguu, yule ng'ambo ya mbuga, na ugomvi wako na mume ulizunguka kwako mpaka ukachoka. Tulipopangwa mstari, ukikohoa nyumba ya kwanza, ya mwisho wanakupa pole.

Akafuta kamasi. "Rudia hapo."

Nikarudia. Akasema umbea si wimbi, nisijidanganye, ila njia nimeiona. Vijiti vikiwa mstari, wimbi linapata upenyo. Vikitawanyika, linagonga hiki, linarudi, linagonga kile, linakutana na lenyewe likirudi, linajizuia, linabaki palepale.

Nimeelewa.

Nikamwita jirani, Mama Shabani muuza asali, Zuhura akamweleza naye. Mama Shabani akamuuliza, "Na vikikaa nusu mstari, nusu ovyo?" Zuhura akacheka hadi akashika ukuta, maana hilo ndilo swali lililomshinda mara ya kwanza, na leo alikuwa na jibu: linapenya mbali kidogo, kisha linakwama.

Akavivuruga vijiti upya, akapima, wimbi likakwama. Atawaonyesha walimu yote mawili, kwanza mstari wangu, kisha ovyo yake.

Jioni nimemsindikiza kwenye treni. Boksi kalipakata kama mtoto mchanga, kanikataza hata kulishika.

Akifaulu Jumatatu, akirudi nitapika pilau. Akishindwa, nitapika pilau ileile, ila sufuria atasugua yeye.

Nguo nitakayovaa kumpokea nimeshaitoa sandukuni.