Kamba Imeshuka Bila Mimi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Wewe uliyelishika daftari hili — kama si mimi, nakuomba, lifunge. Umeshasoma? Basi nisitiri. Kila neno lifie kifuani mwako, lisifike mtaani kwetu Mabawa, lisifike kwa Mama. Mungu naye akusitiri.

Leo masjala nimesimama chini ya ngazi ya vidato vitatu. Faili liko rafu ya juu. Nikashindwa! Dorkasi wa meza ya pili akapanda, akaliteremsha. Hakucheka. Alisema tu: "Shoga, utastaafu ukiwa hapo hapo chini." Kisha akaniambia kaka yake, Fanueli, huwaongoza watu kupanda jabali nyuma ya Pongwe. Hata wasiojua lolote. Nikajibu nitakwenda. Sijui ulimi ulikuwa wa nani.

Baba alikuwa mkwezi wa minazi Pangani. Akaanguka, nikiwa darasa la sita. Tangu siku ile Mama ameapa: wa nyumba hii hapandi kitu. Hata taa ikiungua anaita jirani.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimedanganya. Semina, Muheza. Mama akaguna: "Semina Jumamosi? Haya, wasomi." Akanipigia pasi baibui. Afadhali angenikaripia!

Sijala.

Jumamosi, 9 Agosti — asubuhi, chini ya jabali

Ni kubwa. Nimesoma mpaka chuo na sina neno jingine. Jeupe, limetoboka-toboka, limeinuka juu ya mashamba ya mkonge. Shingo inauma kulitazama.

Kwenye kijipango cha chini watu wameacha ubani na vitambaa vyekundu. Fanueli, Mlutheri wa Lushoto, kavua kofia, kabisha hodi. Kweli! Tukangoja. Hakuna aliyecheka.

Mkanda umenibana kiunoni na mapajani, kofia ngumu ya njano kichwani. Kamba kaitundika jana na mwenzake: imepita kwenye pete ya chuma juu ya kibaraza cha jiwe, ncha zote mbili ziko chini. Fundo la kamba kalifunga yeye mkandani, kalikagua mara mbili. Amri ni moja: ukifika kibarazani, kalia kamba kama pembea, nitakushusha.

Jumamosi hiyo hiyo — saa saba kasoro, kibarazani

Afadhali daftari lilikuwa mfukoni.

Nimepanda! Mwanzo nililikumbatia jiwe. Fanueli akapaza sauti: "Dada, huo si mnazi! Achia kifua, simamia miguu!" Nikaachia. Vidole vikapata tundu, vikapata jingine. Katikati, mbele ya pua yangu, gamba la chaza ndani ya jiwe. La baharini! Huku juu! Nikaligusa. Ubaridi wake uko kidoleni hadi sasa.

Kibaraza kina upana wa mkeka wa kuswalia. Hapo ndipo nilipokosea. Baba akifika juu ya mnazi alivua kitanzi cha miguuni, akakitundika begani — nilimwona mara mia. Kamba ni ya njiani, ukifika, unaivua. Nami nikafungua fundo. Uzito wa upande wa pili ukaivuta, ikapita kwenye pete iliyo juu yangu, ikashuka yote. Puu! Miguuni pa Fanueli.

Akapaza sauti: "Usisogee! Keti! Mgongo kwenye jiwe!"

Hawezi kupanda tena bila wa kumshikia kamba, na Dorkasi hajui. Kwa hiyo amezunguka na kamba nyingine, aje kwa juu. Saa nzima, kasema.

Simu yangu ikalia chini, mkobani. Dorkasi akaita: "Mama yako! Nimwambie uko semina?"

Nikajibu hapana. Mwambie nilipo. Akapokea. Nikamwona anaiweka simu mbali na sikio.

Ningelia. Lakini mkonge wote uko chini yangu, mistari minyoofu mpaka Pongwe, halafu mabati ya mji, halafu bahari — na bahari hailali, inapanda, inapanda mpaka inashika mbingu! Subhanallah. Miaka ishirini na sita nimekaa kando yake, nikidhani naijua.

Fanueli hajawahi kupita kwa juu; ni kichaka. Mimi nikiinua shingo nakiona kutoka huku. Nanakili maelezo haya kwenye karatasi, nimtupie Dorkasi amsomee kwa simu. Nakala ibaki daftarini.

Fanueli. Achana na njia ya mbuzi, inaishia hewani. Tafuta mti mkavu ulioinamia baharini. Hatua sita kushoto kwake, lala kifudifudi, chungulia: utaona kofia ya njano. Ndiyo mimi. Kamba ipitishe kushoto kwangu, kulia mawe yanachomoka. Usikimbie kichakani. Nimeketi vizuri. Nitaendelea kutazama mpaka kamba iniguse bega.