Baba na Debi ya Leo

Jumamosi, Iringa

Timu yangu imeshinda debi na sina hamu ya kumpigia mtu simu.

Nilitoka Mbeya jana ili niitazame mechi na baba, kama zamani. Tangu apate kiharusi anasahau mengi, lakini niliamini mpira hawezi kuusahau. Mwaka ule timu yangu ilipoisawazishia ya kwake dakika za nyongeza, alizima televisheni, akasusia ugali niliopika, na hakunisemesha mpaka Jumatatu.

Leo mshambuliaji wetu alipofunga, nilisubiri maneno ya baba. Baba akapiga makofi.

"Baba, hao ni sisi. Nyie ndio mmefungwa."

"Sisi akina nani?" akauliza kwa upole.

Mama aliinuka akaenda jikoni. Nikamshika baba mkono, nikamweleza habari za timu yake: jinsi alivyoipenda tangu ujana, jinsi alivyotukejeli sisi watani wake kila tulipofungwa. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesimuliwa habari za jirani.

Halafu akaniuliza, "Na wewe mama, unashabikia ipi?"

Maisha yangu yote nimebishana naye juu ya hilo.

Nikamwambia nashabikia ya kwake.