Mama Anajibu "Nzuri" Huku Kifua Kinambana

Shangazi Angelina, shikamoo. Nisaidie mwanao, sikai nikatulia, nafagia uwanja nilioufagia saa hiyo hiyo. Mama yangu ametoka Busi kuja kwangu Msalato kutibiwa saratani ya titi, na majuzi hospitalini alitundikiwa dripu ya pili ya ile dawa ya saratani, haikupita robo saa akaanza kujikuna, shingo ikatoka mabaka, akaninong'oneza kifua kinambana, nikainuka nimwite nesi, akanishika mkono, "Rukaya, kaa chini, watanikatia dawa nife, kwanza dawa ikiwasha ndiyo inafanya kazi," na mimi, Mungu anisamehe, nikamvutia kanga shingoni kuficha yale mabaka. Nesi akapita, "Shikamoo mama, habari yako?" naye huku pumzi zinampaa akajibu, "Marahaba mwanangu, nzuri tu," nesi akaenda zake. Yaliisha yenyewe, lakini dripu ya tatu ni Alhamisi ijayo na ameniapisha nisiseme. Nikisema nimemsaliti, nisiposema naogopa nitamuua. Nifanyeje?

Rukaya, Msalato

Marahaba, Rukaya. Pole, kuuguza mzazi si mchezo. Lakini wewe nawe! Kanga ya kumsitiri mama ndiyo unamfichia hatari? Ulijua, ndiyo maana uliinuka. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii mlificha wawili.

Kuwashwa kule si dawa kufanya kazi. Ni mwili unaikataa, na safari ijayo unaweza kuikataa kwa nguvu zaidi. Wala kusema si kukatiwa matibabu: mara nyingi husimamisha dripu, wakampa mgonjwa dawa ya kutuliza, kisha wakaiendesha polepole, au daktari akachagua dawa nyingine. Hayo waamue wao, siyo wewe na mama na kanga.

Usingoje Alhamisi. Ukimaliza kusoma hapa vaa viatu uende wodini, eleza kuwashwa kulianza baada ya dakika ngapi, iandikwe kwenye faili. Mama mwambie kabla hujatoka. Atanuna, mwache anune, anayenuna yu hai. Siku ya dripu usibanduke, akianza kujikuna tu, piga kelele.

Tena mama yako si mkaidi, ana adabu zake. Tangu azaliwe akiulizwa habari hujibu nzuri. Basi kaa naye hapo nyumbani, msalimie hata mara kumi, mpaka aweze kusema: "Marahaba mwanangu, nawashwa."