Wiki ya Kufundishwa

Baba wa wanangu,

Salamu kwako na kwa mke mdogo. Mimi mzima, ila goti huuma kukiwa na baridi.

Ile kazi ya kupeleka vyakula kwa pikipiki uliyoniomba nikutafutie imepatikana. Jua tu kwamba huku magari hupita kulia. Tulikuja sita kutoka nyumbani, tumebaki wanne. Wale wawili waliingia makutano wakitazama upande waliouzoea, lori likatokea upande wa pili. Goti langu nalo ni hivyo hivyo. Nilipokupigia kutoka hospitali ulicheka: "Mwanamke na pikipiki, wapi na wapi?"

Kila mgeni hufundishwa wiki nzima, na anayefundisha sasa ni mimi. Wewe nimemwambia bosi akuruke, maana huambiliki na mwanamke. Ukibadili mawazo, uje uniombe mbele ya vijana wangu.

Helmeti usinunue. Ipo ya marehemu mmoja, haina hata mkwaruzo.

Bosi aliuliza, likitokea la kutokea, apigiwe simu nani. Nimetoa namba ya mke mdogo. Zamu yangu ya kukulilia imekwisha.

Karibu sana.

Mama wa wanao