Paka wa Mama Opio na Mlango wa Kwao

Kisugu, Kampala
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada yangu Mwanakombo,

Assalaam alaykum, na shikamoo yangu uipokee kabla ya maneno mengine. Goti lako limekaaje? Mama analala, au bado anaamka alfajiri na mapema kufagia ua uliokwishafagiwa? Sisi huku tu wazima wa mwili. Uzima mwingine usiniulize.

Barua hii nimempa mama mmoja wa hapa mtaani anayekuja Mombasa kwa gari moshi kumuuguza ndugu yake. Sikuipeleka posta, maana siku hizi barua zinasomwa na watu wasioandikiwa. Ukishaisoma, ichome.

Umeniuliza mara mbili kwa nini nimekaa kimya miezi hii. Nitakwambia, na najua utacheka: nilikuwa nasuluhisha paka. Basi cheka kwanza, kisha usome.

Wale wawili wangu unawajua, Nyota mweusi na Bafta mweupe, ndugu wa tumbo moja. Ulipokuja uliwakuta wamelala kwenye kiti cha mama mkwe, huyu kichwa juu ya mgongo wa huyu. Walikuwa hawana neno na mtu. Sasa huyu wa tatu ni wa jirani, Mama Opio, ambaye mumewe alikuwa koplo wa polisi, mtu wa kaskazini, mpole, hata salamu alikuwa akiitoa huku ameinamisha kichwa. Siku moja alikwenda kazini hakurudi. Mama Opio alikwenda kituoni kumuulizia, akaambiwa aache kuuliza.

Wiki iliyofuata akaja kwangu saa nne ya asubuhi na kikapu kimefunikwa leso. Ndani yake alikuwa paka wa watoto wake, dume la rangi ya ugali wa wimbi, ndiyo maana wakamwita Kalo, kama watu wa huku wanavyouita ugali huo.

"Mama Asha, wewe kaa na Kalo," akaniambia. "Mimi napeleka watoto hospitali."

Nikamuuliza nani anaumwa.

"Hapana mutu anaumwa." Akanitazama mpaka nikaelewa. "Watoto nalia juu ya hii paka. Mimi nasema kwa wao, Mama Asha atatunza. Wewe usitupe yeye."

Nikamwambia simtupi, wallahi. Akaondoka na watoto wanne na furushi moja, mlango akauacha na funguo tunduni. Siku ya tatu nyumba ile ikapewa sajini wa jeshi.

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Nilidhani paka wakigombana watarukiana, watang'oana manyoya, basi yaishe. Sivyo. Bafta hata hakupigana. Alikuwa akikaa tu kwenye mlango wa jikoni, amenyoosha mkia, anamkodolea macho Kalo kama mke mkubwa amemwona mke mdogo anaingia na sanduku. Na Kalo hali chakula, hapiti, hanywi maji. Akizidiwa, ni miguu niponye, anaruka ua, anakwenda kukaa kwenye kizingiti cha nyumba yao ya zamani. Kwa sajini.

Shemeji yako Twalibu alilijua hilo kabla yangu. Alirudi kutoka Katwe, mikono bado myeusi kwa kufua masigiri, yale majiko ya makaa, akamkuta paka ameketi pale na mke wa sajini anamfukuza kwa ufagio. Aliingia ndani akafunga mlango polepole. "Rukia," akaniambia, "siku watakayouliza paka huyu ni wa nani, watauliza pia mwenyewe alikwenda wapi na nani aliagana naye." Mtaa huu, dada, watu wamechukuliwa kwa habari ndogo kuliko paka.

Basi mama mkwe wangu akasema yeye ana dawa. Unamjua, hakuna jambo lisilokuwa na moshi wake kwake: homa moshi, jicho la watu moshi, mgeni moshi. Akasema hawa wanagombana kwa sababu kila mmoja ana harufu yake, tuwape harufu moja watakuwa ndugu. Nami kwa kuchoka nikaona ni maneno ya akili. Nikatoa kile kipande cha mwisho cha udi ulioniletea Idd, nilichokuwa nimekificha hata kwa wageni. Tukaweka makaa kwenye chetezo, tukakifunika kwa lile tenga tunalofukizia nguo, halafu tukawazungushia kanga paka mmoja mmoja na kumshika juu ya moshi. Nimekwaruzwa mpaka kwenye kiwiko. Mama mkwe anasoma dua, paka analia, mimi nalia.

Dada, tulijipalia makaa wenyewe. Tulipowaachia, Nyota akamwendea ndugu yake kama kawaida yake, akamnusa, akarudi nyuma mgongo umeinuka. Hakumjua. Miaka minne wamelala pamoja, na kwa sababu ya moshi wa nusu saa wakawa wageni. Walirukiana pale pale sebuleni, wakaangusha birika, na Kalo akatoka dirishani.

Alasiri sajini akabisha hodi. Amemshika Kalo kwa ngozi ya shingo, bila kumuumiza, naye Kalo amenyamaza. Shemeji yako yuko nyuma yangu.

"Nyabo, hii paka ya nani?"

"Yangu, afande."

"Yako. Na kwa nini kila siku nakuja kukaa kwa mulango ya mimi?" Akamsogeza puani. "Na nanuka kama bibi arusi."

Mama mkwe akasema kutoka kitini kwake, "Mwanangu, tulimfukiza udi ili atulie. Wanagombana." Sajini akamtazama kikongwe yule, akacheka, kicheko cha kweli, na kwa muda mfupi akawa mtu tu, mtoto wa watu. Kisha akakiacha. Akanipa paka mikononi. "Hii paka narudi tena, mimi napiga yeye risasi. Na mimi nauliza vizuri ilikuwa ya nani mbele."

Alipokwenda, Twalibu akakaa chini sakafuni. Akasema Kalo akirudi kule mara moja tu, kesho yake atamtia guniani na kumpeleka Kasubi, upande wa pili wa mji, akamwache huko huko. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayeomba, na hilo lilinishinda zaidi.

Usiku wa mawazo sikuandikii. Asubuhi nikamkumbuka Mama. Unakumbuka akinunua kuku mgeni? Hamwachii uani. Anamfunikia tenga siku kadhaa, wenyeji wanadonoa nje naye ndani, mpaka wachoke kumshangaa. Nikasema paka si kuku, lakini nimeishiwa na akili nyingine.

Nikamfungia Kalo kwenye stoo, na sanduku la majivu pembeni. Nyota nikamweka chumbani kwa mama mkwe mpaka udi uwatoke. Kila asubuhi nilikuwa nampangusa Bafta kwa kanga kuukuu na kumtandikia Kalo kanga hiyo hiyo, na ya Kalo namletea Bafta. Mwanzo waliikojolea. Nikaifua, sabuni yenyewe hakuna, nikarudia. Dagaa nikawa nawapa wote wakati mmoja, huyu upande huu wa mlango wa stoo na huyu upande ule, sahani mbali na mlango, na kila siku chache naisogeza shibri moja. Wakinguruma, nairudisha nyuma. Ndugu wawili walipatana kwa siku tisa. Huyu wa tatu alinimaliza. Kuna siku nilitoka kupanga foleni ya sukari tangu alfajiri, nikarudi mikono mitupu, nikakuta wamerudi kwenye kunguruma, nikakaa jikoni nikasema basi, apelekwe Kasubi. Kisha nikainuka nikaivuta sahani nyuma.

Wiki ya saba nikafungua mlango, nikaacha pazia tu. Wiki ya nane nikaliondoa pazia. Bafta akamtazama, akaendelea kula. Mambo ndiyo hayo, hakuna kubwa zaidi. Hawapendani, dada. Kalo analala juu ya magunia, Bafta kitini, kila mmoja na njia yake ya kupita. Lakini siku kumi sasa mlango wa nje uko wazi na Kalo hatoki kwenda kule. Juzi sajini alipita kwenye ua, Kalo akamtazama, akaendelea kujiramba. Twalibu alinishika bega tu. Nilifurahi, nikala nikashiba siku ile.

Jana akaja mwanamke nisiyemjua, anauza mkene sokoni, hao dagaa wa ziwani. Akaniuzia kikombe kimoja, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Mama Opio na watoto walivuka salama, wako upande wa Kenya. Nikashukuru Mungu. Akasema mtoto wa mwisho ana swali moja tu. Zamani koplo akitoka kazini, Kalo alikuwa akimngoja kizingitini kila jioni. Mtoto anataka kujua: bado anamngoja baba?

Nilimtazama Kalo, amejikunja juu ya magunia, ameupa mlango mgongo. Miezi miwili nimemfundisha asahau kile kizingiti, kwa dagaa, kwa kanga, kwa machozi yangu. Na amesahau.

Nikamwambia, mwambie ndiyo. Kila jioni.

Yule mwanamke akaniitikia, akajitwika beseni, akaenda. Tangu jana moyo wangu haujakaa. Wewe ndiye niliyekuwa nikikwambia uongo wangu wote tangu utotoni, basi na huu uchukue.

Nisalimie Mama, mpe mkono wangu, na ukimsomea ruka pale pa sajini. Nisalimie shemeji Athmani, na shangazi yetu wa Majengo, na mwanao mkubwa aliyeanza kazi bandarini, mwambie mama mdogo anamwombea. Mama mkwe anakusalimu. Anasema ukipata udi mwingine usimpe yeye.

Ni mimi mdogo wako, niliyechoka lakini nipo,

Rukia