Mwizi wa Mayai wa Lucky Summer

Baba mpendwa,

Natumaini mgongo umepoa. Mimi niko kwa kaka Musyoka, mtaani Lucky Summer, na mbavu zinaniuma kwa kucheka.

Mayai ya kuku wake yalikuwa yakipotea, na wifi alimshuku jirani yao, Mama Akinyi, hadi akaacha kumsalimia. Nikasema, ngojeni kwanza. Nilikuwa nimebeba ile kamera yetu ndogo ya kuvizia digidigi, inayopiga picha yenyewe kitu kikipita. Juzi niliifunga juu sana, ikaniletea picha tisini za kamisi ya wifi ikipepea kwenye kamba! Jana nikaishusha hadi usawa wa goti, ikalipa jua mgongo, ikaangalia pale kuku wanapotagia.

Leo mchana tukazitazama picha, na Mama Akinyi mwenyewe nikamwita. Baba, ni nguchiro! Kwanza amesimama wima, amekumbatia yai kama mtoto. Picha inayofuata amelirusha nyuma katikati ya miguu yake, limepasuka ukutani!

"Wueh! Kumbe ni huyu?" Mama Akinyi akapiga makofi. "Na vile mlikuwa mnaninunia!"

Wifi akaficha uso kwa leso, kisha akamshika mkono. "Nisamehe, dada." Walicheka mpaka wakakaa chini. Saa hii wako jikoni pamoja, wanasonga ugali.

Mama Akinyi anaomba umchongee sanamu ya huyo nguchiro na yai lake. Nimeshamwambia hakuna anayechonga mnyama kukushinda, kwa hivyo usiniangushe. Mungu aitunze hiyo mikono yako.

Binti yako,
Mwende