Nguo Zisizo na Lebo

Mdogo wangu,

Hatujambo, na pasi mpya haiunguzi nguo. Uliniambia nikutafutie kero ya biashara ambayo programu yako ingeitatua. Ninayo hapa hapa, kwenye udobi wetu.

Unajua mama hajawahi kuweka alama kwenye nguo za wateja. Zote anazikumbuka kichwani. Jumamosi alimkabidhi mteja mwingine suti ya bwana harusi. Mwenyewe alipofika, gari la maharusi likinguruma nje, nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikanunua lebo. Mama akazitupa: "Unanifundisha kazi?"

Basi itengeneze hiyo programu haraka, lakini uilete mwenyewe. Leo asubuhi nimeingia dukani, mama akanikaribisha kwa adabu, akaniuliza nimekuja kuchukua nguo gani.

Dada yako